Mwaka wa Kwanza wa Bweni

Matokeo ya darasa la sita yalipotoka mwishoni mwa Agosti 2024, mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa kaka yangu. Baba wa mtoto alipata habari baadaye, akanuna kidogo. Binti yetu alikuwa amepangiwa shule ya bweni huko Kusini, mbele ya Nyanza, mwendo wa saa tatu hivi kwa basi kutoka Kigali. Kaka alilia kwenye simu, mwanamume mzima aliyekwisha kutimiza miaka hamsini.

Anayeijua Rwanda ya zamani ataelewa. Kaka alimaliza shule ya msingi mwaka 1989, enzi ambazo msingi ulikuwa miaka 8 na nafasi za sekondari zikigawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Sera hiyo iliitwa iringaniza. Alikuwa akiongoza darasa. Jina lake halikutokea, na hakuna aliyejisumbua kumweleza sababu, kwani kila mtu aliijua. Akaenda kujifunza cherehani, na mpaka leo anashona hapa kwetu Biryogo, Kigali. Mimi niliingia sekondari mwaka 1999, nchi ikiwa imeshapita katika moto wake, na majina yakitoka kwa alama. Katika ukoo kama wetu, nafasi ya sekondari haijadiliwi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili.

Tukaanza kununua: godoro, blanketi, ndoo, beseni, fagio, rimu ya karatasi. Ada yenyewe ilikuwa faranga 85,000 kwa muhula, kiwango ambacho serikali iliwawekea wazazi wa shule za bweni za umma mwaka 2022, na kililipika ukijibana. Kinachomkausha mzazi ni hayo mengine. Sare alishona mjomba mtu. Sketi aliiachia upindo mpana kuliko kawaida, akasema watoto wa bweni hurefuka bila kuaga.

Enzi zangu tulikwenda shule kupitia kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kila mtu na sanduku lake la bati kichwani, ukigombania basi na wachuuzi na kuku wao. Siku hizi kila wilaya ina siku yake, na mabasi hupakia wanafunzi Uwanja wa Pelé, hapa Nyamirambo, tunaposwalia Idi. Ni utaratibu mzuri, nausifu. Ila una haraka: jina likiitwa, mtoto anapanda, na wewe umebaki na sentensi yako mdomoni.

Mwezi haukuisha, ukaingia ugonjwa wa Marburg. Ulitangazwa tarehe 27 Septemba, ukaua watu 15, wengi wao watumishi wa afya, na kutembelea watoto wa bweni kukasimamishwa. Nilikuwa nikimpigia matroni, naambiwa ni mzima, anakula. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, siku hizohizo watoto wakirudi likizo, kwa hiyo muhula mzima sikumtia machoni.

Aliyerudi alikula haraka. Hilo ndilo nililoliona kwanza: mkono wa kulia unakwenda mdomoni, wa kushoto umeizunguka sahani, na mdogo wake akisogea kidogo tu, kiwiko kinatoka. Aliamka kabla ya adhana na kutandika vitanda vyote viwili. Nikimuuliza habari za shule, jibu lilikuwa “sawa, mama.” Madaftari yake sikuyaweza. Mimi nilisoma fizikia kwa Kifaransa, yeye anasoma kwa Kiingereza, lugha ambayo shule zetu zilihamia baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Nililoliweza ni Kiswahili, na hapo ndipo tulipocheka: mtoto aliyezaliwa Biryogo kapitwa alama na msichana wa kijijini aliyeisikia lugha hii kwa mara ya kwanza darasani! Kiswahili chetu cha mtaani, kumbe, hakina ngeli.

Ramadhani iliangukia muhula wa pili. Waislamu walikuwa wachache, matroni akawa anawawekea sahani za maharage hadi magharibi. Daku ilikuwa maji na mkate waliouficha. Wangu alifunga yote, na Idi ikamkuta hukohuko. Nilipika pilau ya kawaida, tukala, ikabaki.

Aprili walikuwa nyumbani, na tarehe 7 maombolezo ya mauaji ya kimbari yakaanza. Miaka iliyopita binti alikuwa akisikiliza redio nasi na kunyamaza. Safari hii alitoka na somo la historia kichwani, na jioni moja, mjomba wake akiufumua ule upindo wa sketi, akamuuliza:

“Mjomba, ungesoma, leo ungekuwa nani?”

Kaka hakuinua macho. “Ningekuwa mwalimu wako wa hesabu, na ungenikimbia.”

Tukacheka sote. Usiku, tukiosha vyombo, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anapofanya mtihani humuwazia mjomba, kwa sababu akifeli itakuwa mjomba amefelishwa mara ya pili. Kisha akaniomba nimpitishie sufuria.

Sijui mama mwingine angelijibuje hilo. Nilimwambia mtihani ni wake peke yake. Alisema “sawa, mama,” na nilishajua “sawa” hiyo ina uzito gani.

Juni alirudi na ripoti nzuri, ya pili darasani. Mjomba ameiweka kwenye fremu karibu na cherehani, na wateja wanasomewa, watake wasitake. Sasa binti yuko mwaka wa pili, shule ileile. Mwenyewe amesema habadilishi, na nimemwamini.

Mdogo wake yuko darasa la sita. Kwenye uchaguzi wa shule tumemwandikia za kutwa, za hapahapa wilayani kwetu Nyarugenge, ambazo majirani huziona ni za walioshindwa. Wasemao na waseme. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kusoma akalala kwao. Kaka yangu hajaafiki, na tangu siku hiyo sare za huyu mdogo anasema nitafute fundi mwingine.