Mafunzo ya gofu Ngong Road: Usikubali pesa zako zipotelee nyasini

Ukimtajia mkazi wa Nairobi neno gofu, mara nyingi atakueleza habari za ua mrefu kando ya barabara, nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi, na mlinzi langoni. Kwa wengi, huo ndio mwisho wa habari. Mchezo wenyewe wameuchungulia kupitia mwanya wa ua wakiwa ndani ya matatu, na wameuweka katika fungu moja na ndege za kibinafsi na mbwa wanaolishwa nyama ya mkebe.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, wakati Nairobi ilipokuwa bado mji mdogo wa mabati wa watu wa reli. Kwa miongo mingi ya ukoloni, Mwafrika aliingia katika viwanja vya aina hiyo akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine au akikata nyasi. Hata leo, mabati ya Kibera yamekaribiana na ua wa uwanja huo wa Royal. Picha zilizopigwa kutoka angani, zikionyesha kijani kibichi upande huu na kutu upande ule, zimetazamwa kote duniani.

Lakini mambo hayakusimama palepale. Siku hizi utawakuta walimu wa shule, makarani, wanafunzi wa vyuo na akina mama wenye biashara ndogo ndogo wakijifunza mchezo huu. Wengi wao hulipia masomo machache, sita au kumi hivi, kwa pesa walizoweka akiba. Swali lao kubwa si kama gofu ni tamu. Swali ni hili: nikishamlipa mwalimu, nitaondoka na nini?

Uwanja ulio ndani ya njia ya farasi

Mojawapo ya mahali pazuri pa kutafutia jibu ni Racecourse, Barabara ya Ngong. Panda matatu ya nambari 111 iendayo Ngong. Ukishapita Adams Arcade, Junction na Dagoretti Corner, mwambie makanga akushushe Racecourse. Hapo ndipo farasi wamekuwa wakishindana tangu miaka ya 1950, na katikati ya njia yao ya mbio pana uwanja wa gofu ujulikanao kama Golf Park. Hivyo basi, mchezaji anapopiga mpira wake, amezungukwa na njia ya farasi kama ukindu ulivyozunguka ungo.

Ni mahali palipo wazi, penye upepo. Jukwaa la watazamaji wa farasi limesimama upande mmoja, nayo miti ya Msitu wa Ngong imejipanga kwa mbali. Siku isiyo na mawingu, vilele vya Milima ya Ngong huonekana kama viungo vya ngumi iliyokunjwa. Asubuhi ya Jumamosi utasikia mipira ikilia ta! ta! kutoka sehemu ya mazoezi, ambako wanaojifunza husimama kwa mstari, kila mmoja na ndoo yake ya mipira. Hapo si lazima uwe mwanachama wa klabu. Unalipia ndoo, unaazima fimbo, unaanza.

Jambo moja la kukumbuka: farasi wangali na siku zao, hasa Jumapili za mashindano. Kabla ya kubeba watoto na chupa ya chai, piga simu uulize kama uwanja uko huru siku hiyo.

Kubalianeni kabla ya kulipa

Mwalimu wa gofu ni kama fundi wa nguo. Usipomweleza unataka nini, atakushonea anachokijua yeye. Kwa hiyo, siku ya kwanza, kabla ya kugusa fimbo, mweleze wazi haja yako. Je, unataka kucheza na wenzako wa kazini bila kuaibika? Je, mtoto wako anataka kushindana? Au wewe ni mzee mwenye mgongo unaouma ambaye daktari amekushauri utembee? Kila haja ina njia yake ya kufundishwa.

Muulize pia maswali manne. Kila somo ni la dakika ngapi? Ndoo ya mipira imo katika bei au inalipiwa kando? Mvua ikinyesha, somo linahamishwa au limepotea? Na je, angalau somo moja litafanyika uwanjani kwenyewe, badala ya masomo yote kuishia kwenye mstari wa mazoezi? Mwalimu mzuri hakasiriki akiulizwa mambo hayo.

Usikimbilie kununua fimbo. Kanuni za mchezo zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza hazihitaji zote. Fimbo namba saba, moja ya mapigo mafupi ya kupandisha mpira, na ile ya kusukumia mpira shimoni zinatosha kwa miezi ya kwanza, nazo huweza kuazimwa. Vaa shati lenye kola na viatu vya raba visivyoteleza. Mengine yatangoja.

Somo moja, jambo moja

Kosa la wanafunzi wengi ni kutaka kurekebisha kila kitu kwa siku moja: mikono, miguu, kichwa, kiuno na macho. Mwili haufundishwi hivyo. Ukirundikiwa maagizo matano kwa wakati mmoja, utasimama mbele ya mpira kama mtu aliyesahau jina lake.

Mwalimu mmoja wa pale Racecourse huanza na kushika fimbo, basi. "Ishike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara," huwaambia wanafunzi wake. "Asiponyoke, lakini pia asilie." Wapo wanaotumia somo zima kwa jambo hilo na kunung'unika njiani wakirudi nyumbani. Baada ya wiki mbili huelewa, kwa sababu mshiko mbaya huharibu kila pigo litakalofuata.

Kila somo likiisha, kaa chini kwa dakika tano na kijitabu. Andika jambo moja ulilofundishwa, kwa maneno yako mwenyewe. Mwombe mwalimu akupige picha ya video kwa simu yako, moja kutoka mbele na nyingine kutoka upande. Somo lijalo mtaitazama pamoja, na hapo hakutakuwa na ubishi kama umebadilika au la.

Daftari la mama wa Gikomba

Faida ya kijitabu hicho ilionekana wazi kwa mama mmoja anayeuza nguo za mitumba Gikomba. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alianza kuupenda mchezo huu baada ya kuletwa Racecourse na rafiki. Mama alilipia masomo sita. Pesa hizo, alisema, zingemnunulia bunda moja la nguo za watoto, na bunda lina faida inayohesabika.

Baada ya somo la tatu alimkabili mwalimu. "Mwalimu, niambie ukweli. Huyu mtoto anasonga mbele, au mimi nakuletea tu pesa?"

Mwalimu hakumpa maneno matamu. Alimwomba binti daftari lake. Msichana alikuwa amehesabu kila siku ya mazoezi: kati ya mipira 20 ya fimbo namba saba, ni mingapi iliyopaa na kwenda mbele. Siku ya kwanza ilikuwa minne. Wiki ya tatu ilikuwa kumi na mmoja. Lakini ukurasa wa kusukuma mpira shimoni ulikuwa mtupu. Hakuwa amefanya zoezi hilo hata mara moja.

"Anasonga, mama," mwalimu alijibu, "lakini kwa mguu mmoja." Somo la nne na la tano yakageuzwa kuwa ya mapigo mafupi na kusukuma. Mama alirudi kwa bunda zake akijua pesa zake zimekwenda wapi. Hilo ndilo kila mzazi anastahili kujua.

Nusu ya mchezo iko sebuleni

Mwalimu huyo alikuwa na hesabu nzuri. Uwanja kamili una mashimo 18, na mingi hupangwa ili mchezaji hodari aumalize kwa mapigo 72 hivi. Katika hesabu hiyo, kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kusukuma mpira kwenye nyasi fupi zilizolizunguka. Zidisha mawili kwa 18, unapata 36. Hiyo ni nusu ya mchezo! Hata hivyo, tazama wanaojifunza, na utaona karibu wote wakimaliza ndoo nzima kwa kupiga mipira ya mbali, kwa sababu ndiyo inayopendeza macho.

Habari njema ni kwamba nusu hiyo haihitaji ndoo wala nauli. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, ambao haupiti sana ule wa kikombe kikubwa cha chai. Laza kikombe kwenye zulia la sebuleni, simama hatua tatu, na usukume mipira kumi kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Watoto watashindana wenyewe bila kuhimizwa. Familia ya vyumba viwili Umoja au Kayole inaweza kulifanya zoezi hilo bila kumsumbua jirani wa chini.

Kwa mapigo marefu, enda kwenye uwanja wa mazoezi angalau mara moja kati ya somo na somo. Ndoo moja inayopigwa polepole, kila mpira ukiwa na shabaha yake, ina faida kuliko tatu zinazopigwa kama mtu anayefukuza nyuki. Mwenye kulipia masomo bila kufanya mazoezi ni sawa na anayenunua dawa na kuiacha kabatini.

Jihadhari na washauri

Katika mstari wa mazoezi hakukosekani mjuzi. Utapiga mpira mmoja vibaya, naye bwana wa kando atakuja na ushauri: "Inua kiwiko!" Wa pili atasema kishushe. Washukuru wote, kisha umsikilize mwalimu wako peke yake hadi masomo yaishe. Jahazi haliendeshwi na manahodha wawili.

Hata hivyo, kuna mtu mmoja ambaye maneno yake yana uzito. Huyo ni kedi, yule anayekubebea mfuko. Wengi wao wamezunguka uwanja mmoja kwa miaka mingi, na wanajua ni wapi mpira huteleza na upepo wa saa nane unaelekea wapi. Baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianza maisha yao ya gofu wakibeba mifuko. Mlipe vizuri, mheshimu, na umuulize maswali.

Somo la mwisho liwe uwanjani

Usikubali masomo yaishe kabla hujatembea mashimo machache na mwalimu wako. Huko ndiko utakakojifunza yale yasiyofundishwa mstarini: kunyamaza mwenzako anapopiga, kurudisha pande la nyasi ulilong'oa, kusawazisha mchanga, na kutochelewesha walio nyuma. Tangu 2019, kanuni zinakupa dakika tatu tu za kutafuta mpira uliopotea. Hapo awali zilikuwa tano.

Utajifunza pia kwamba mahali nako ni mwalimu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kuliko pwani. Ukienda Mombasa likizoni ukapiga kule Nyali kwa fimbo ileile, usishangae mpira ukianguka kabla ya pale ulipozoea. Hujasahau ulichofundishwa, hewa ndiyo iliyobadilika.

Na kabla masomo hayajaisha, wapeleke watoto wakatazame mashindano ya Kenya Open. Yalianza 1967 katika uwanja wa Muthaiga, na Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka wa 1978. Tangu 2019 yamo katika orodha ya mashindano makuu ya Ulaya. Wasitazame mipira ya mbali peke yake. Wasimame karibu na shimo wahesabu muda ambao mchezaji anayelipwa mamilioni anatumia kuinama, kuitazama nyasi, kuinuka na kuinama tena, yote kwa ajili ya mpira ulio hatua mbili kutoka shimoni.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa umeweka akiba kwa masomo sita, ingia na haja moja, kijitabu kimoja na subira. Toka na jambo moja unaloliweza leo ambalo hukuliweza mwezi uliopita. Ukiona hesabu katika kijitabu chako haisongi, sema mapema, ungali na masomo mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika gofu kuinama ndiko mwanzo wa kila pigo.