Papa wa Bibi na Hesabu Yangu

Mhariri ameniomba niandike juu ya kazi yangu ya kufundisha kemia. Nitawapa kisa cha kosa langu, maana kosa hufundisha kuliko sifa.

Mimi ni Mbajuni wa Chula, kisiwa kilicho kusini ya Kismayu. Vita vya mwaka 1991 vilitutoa huko, tukaja Mombasa nami ningali mtoto. Mengi tuliyaacha, lakini Bibi hakuacha desturi yake ya papa mkavu: humroweka usiku kucha, akamwaga maji, akamwosha, ndipo akamtia nazi.

Chuoni nilijifunza njia ya Kjeldahl, mtaalamu wa Denmark aliyeitangaza mwaka 1883. Chakula huchemshwa katika asidi ya salfuriki mpaka naitrojeni yake igeuke chumvi ya amonia. Naitrojeni hiyo hupimwa, kisha huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa katika protini naitrojeni ni kama asilimia 16. Nikapima papa wetu mkavu. Hesabu ikatoka kubwa mno. Nikamwendea Bibi mbio.

"Bibi, usimroweke tena. Unamwaga chakula!"

"Haya, mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma."

Siku ile papa akapikwa vivyo hivyo. Alinuka hata wageni wakaacha sahani zao. Bibi hakusema neno. Wala mimi sikuzinduka. Nilipopata kazi ya ualimu, niliifundisha hesabu ile kwa darasa zima.

Mwanafunzi mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, kama yote ni protini, mbona papa anuka kama choo?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi vitabuni. Kumbe papa huweka urea mwilini ili maji ya chumvi yasimkaushe, na akifa urea hiyo hugeuka amonia. Karibu nusu ya uzito wa urea ni naitrojeni. Njia ya Kjeldahl huhesabu naitrojeni. Haiulizi imetoka wapi.

Juma lililofuata tukafanya jaribio la biureti. Neli moja tulitia ute wa yai, ya pili urea safi ya maabara. Kila moja tukaongeza sodiamu haidroksaidi na matone machache ya maji ya mrututu. Ya yai ikawa zambarau; ya urea ikabaki buluu. Rangi ile hutokea pale asidi za amino zilipofungamana kwa viungo vya peptidi, viwili au zaidi. Urea haina mnyororo huo.

Nikaifuta hesabu yangu ubaoni, nikawaambia wazi kwamba niliwapoteza. Si jambo dogo: mwaka 2008 huko China watu walitia melamini katika maziwa ili kipimo cha naitrojeni kidanganyike, na watoto wapatao laki tatu wakaugua.

Jioni nikaenda kumwomba Bibi radhi. Akacheka, akanipa beseni na papa, akasema, "Basi leo roweka wewe."

Ndugu zangu, mkipata jibu kubwa, ulizeni kwanza kipimo kimepima nini. Na mkitaka kumsahihisha mzee, mwulizeni kwanza kwa nini afanya hivyo.