Birika la Marehemu Mama

Ziko taabu za nyumbani ambazo majirani hawazioni, lakini mwenye nyumba huzilalia na kuziamkia. Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alipata taabu ya namna hiyo kwa sababu ya birika.

Birika lenyewe lilikuwa la aluminiamu, naye aliachiwa na marehemu mama yake. Kwa miaka mingi lilichemsha maji ya kisima, hata ndani yake pakafanyika ganda jeupe, gumu kama sakafu. Chai ikawa na vipande vyeupe vinavyoelea. Makaa nayo yakawa yanakwisha upesi, maana ganda lile huzuia moto usifike vyema kwenye maji. Kaka zake wakamshauri alitupe, anunue jingine. Yeye akakataa. Baba yao mzee alikuwa karibu kuja kukaa naye, na tangu alipofiwa na mkewe, kilichobaki cha jiko lake kilikuwa birika lile tu.

Kwanza akalisugua kwa majivu na kumbi la nazi. Masizi ya nje yakatoka yote, lakini ganda la ndani halikutikisika. Siku ya pili akatia mchanga, akapata mikwaruzo tu. Siku ya tatu akashika kisu, akaacha alipoona kitako kinataka kutoboka. Mwisho akakusudia kuchanganya maji ya ndimu na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akidhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

Kwa bahati njema, jirani yake, bibi mtu mzima, alipiga hodi wakati ule ule.

"Karibu, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini hivyo viwili usivichanganye hata siku moja! Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Dawa ya nguo iweke mbali. Ndimu peke yake yatosha."

"Mbona majivu yameshindwa, na masizi yametoka?"

"Masizi na mafuta, majivu huyaweza. Hilo la ndani ni jiwe."

Bibi yule alisema kweli. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya mvua yakipita ardhini huchukua hewa ya kaboni, yakawa na ukali kidogo, nayo huyeyusha mwamba ule polepole. Maji yakichemshwa, hewa ile hutoka, na jiwe hurudi kuwa jiwe, likashikamana na chombo. Majivu hayana ukali wa kuliyeyusha. Lakini ndimu, ukwaju na siki zina uchachu, na uchachu huvunja jiwe la namna hiyo.

Basi mama yule akakamua ndimu, akachanganya na maji hata ganda likafunikwa, akayapasha moto, akayaacha nusu saa. Povu dogo dogo likapanda. Hakuyaacha yalale humo usiku kucha, kwa kuwa uchachu ukikaa sana huila aluminiamu yenyewe. Mara ya kwanza ganda lililainika tu, naye karibu akate tamaa. Mara ya pili likapasuka. Mara ya tatu likabanduka vipande vipande, akasuuza kwa maji mengi.

Mzee alipofika akaandaliwa chai. Alilitazama birika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni lile lile." Akaomba kikombe cha pili.

Hata hivyo vita havikwisha, maana kisima ni kile kile na mwamba ni ule ule. Kwa hiyo kila wiki, kabla ganda halijapata nguvu, mama yule hutia ndimu moja na maji ya moto, akasuuza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika birika ukuta huo hujijenga wenyewe.