Siku Moja Ventotene

Ukifika Formia, mji wa pwani ulio kati ya Roma na Napoli, utakuta bandarini feri iendayo kisiwa cha Ventotene. Safari huchukua yapata saa mbili. Niliipanda asubuhi moja pamoja na kundi la wageni, tukiongozwa na mama mmoja mwenye sauti kali na mwendo wa haraka. Wengi walikuja kuogelea. Mimi nilikuja kwa sababu ya deni.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, mkataba wa mwaka 1999 unasema kwamba hatima ya safari hii ni shirikisho la kisiasa. Wewe mwenyewe unaamini?" Nilicheka. Nikamjibu kwamba hizo ni ndoto za watu wasio na kazi. Darasa zima likacheka pamoja nami, naye akaketi. Sikumweleza kwamba baba yangu alikuwa mtumishi wa reli jijini Nairobi, na kwamba Jumuiya ile ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 tulirudi Jinja na masanduku mawili, wala hakupenda tena kuzungumzia majirani.

Ventotene ni kisiwa kidogo mno. Urefu wake ni kama kilomita tatu. Bandari yake ya kale ilichongwa na Warumi katika mwamba laini wa volkano, na mashua zingali zikiitumia. Kaisari Augusto alimhamishia huko binti yake Yulia mwaka wa 2 kabla ya Kristo, akamnyima hata divai. Sisi wa Uganda hatushangazwi na visiwa vya namna hii. Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega walipelekwa Shelisheli, na Mwanga hakurudi akiwa hai.

Mussolini naye alikitumia kisiwa hiki. Mamia ya wapinzani wake waliletwa hapa, na wengi hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Amri ya serikali ilitosha. Zingatia msamiati, wewe unayejifunza lugha: hawa hawakuwa wafungwa hasa, kwa maana waliweza kutembea katika eneo dogo walilopimiwa, huku askari wakiwahesabu. Walikuwa uhamishoni. Gereza lenyewe lilikuwa ng'ambo, juu ya kisiwa cha Santo Stefano, nalo lilijengwa kwa umbo la kwato ya farasi ili mlinzi mmoja aweze kuona vyumba vyote. Lilifungwa mwaka 1965. Sandro Pertini alizijua adha za visiwa vyote viwili, na mwaka 1978 akawa Rais wa Italia.

Mwaka 1941, majeshi ya Hitler yakiwa yameshika sehemu kubwa ya Ulaya, Altiero Spinelli na Ernesto Rossi waliandika hapa ilani ya kudai shirikisho la mataifa ya Ulaya. Eugenio Colorni alishiriki katika mijadala yao. Inasimuliwa kwamba waliiandika kwenye karatasi za sigara. Ursula Hirschmann, mke wa Colorni na mzaliwa wa Ujerumani, alisaidia kuivusha hadi bara. Colorni hakuyaona matunda yake. Aliuawa Roma mwaka 1944.

Jambo lililonigusa zaidi kiongozi wetu alilitaja kwa kupita tu: kwamba wahamishwa wale hawakula pamoja. Kila kundi la kisiasa lilikuwa na chumba chake cha kulia. Spinelli, aliyekwisha kufukuzwa na chama chake cha kikomunisti, aliepukwa na wenzake wa zamani. Basi watu walioshindwa kukaa meza moja ndio waliokuwa wakiandika habari za kuunganisha bara! Nilisimama pale nikasahau kundi, hata mama yule akaniita kama mtoto mtoro.

Usidhani kwamba nimekuja kukusifia Ulaya. Bahari hiyo hiyo imewameza vijana wengi wa Afrika, na hilo halimo katika ilani.

Mchana tulikula dengu, zao ambalo kisiwa kinajivunia, kisha tukapanda makaburini. Spinelli, aliyefariki mwaka 1986, amezikwa hapo. Kaburi ni la kawaida tu. Nilimfikiria baba yangu na masanduku yake mawili.

Jioni, feri ikiwa imeng'oa nanga, nilimwandikia ujumbe mwanafunzi wangu yule, ambaye sasa ni wakala wa forodha mpakani Malaba na anazungumza Kiswahili kutwa nzima. Nilimwambia: "Swali lako kuhusu shirikisho lilikuwa jema. Nilikujibu vibaya, nikakufedhehesha mbele ya wenzako. Naomba radhi."

Jibu lilifika tulipokuwa tukikaribia Formia: "Shikamoo Mwalimu. Swali lipi? Mimi nilikuuliza mengi."