Safu ya "Benki"

Jumanne, 4 Machi

Mjomba anataka noti zake zipangwe kwenye albamu kwa kufuata nani alizitoa. Nimechora safu nne daftarini, ya kwanza nikaiandika "Benki". Kabla ya magharibi nilishaifuta.

Mwanzo haukunisumbua: Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Wajerumani, toleo la 1905, rupia 5 yenye simba wawili. Nikafika Zanzibar, 1908. Hapo mtoaji si benki, ni Serikali yenyewe, na noti ina jahazi na wachuma karafuu. Mjomba hana hata moja (nani anayo?), lakini anataka nafasi yake iachwe wazi. Safu sasa inaitwa "Mtoaji".

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwama kwenye noti moja ya benki ile ya Wajerumani: rupia 1 ya 1915. Vita vilikuwa vimeanza, meli za Waingereza zimeziba bahari, noti hazifiki tena kutoka Ujerumani, basi benki ikajichapishia hapa hapa. Karatasi nyepesi, haina pambo la maana. Saini ni za kalamu, na moja wino wake umepenya hadi upande wa pili. Karani yule alikuwa na haraka, au alikwisha saini mamia siku hiyo.

Dar es Salaam na Tabora zilianguka Septemba 1916. Mwaka 1917 Wajerumani wakaendelea kutoa noti wakiwa porini, zimepigwa kwa herufi za mpira, na jina la benki ni lile lile. Kwenye safu ya "Makao" nimeandika "porini".

Jumamosi, 8 Machi

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki: ilianza 1919, makao London, kisha Nairobi kuanzia 1960. Florini kwanza, kisha shilingi. Zanzibar ikaingia 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 14 Juni 1966; noti zake za kwanza zina saini za Gavana Mtei na Waziri wa Fedha Jamal. Hiyo rahisi.

Ugomvi ni noti ile ya Bodi ya 1964, yenye jahazi, malkia hayupo. Mjomba anaitaka kwenye ukurasa wa Tanzania, kwa kuwa ndiyo aliyolipwa mshahara wake wa kwanza, Tanga. Nikamwambia, "Mjomba, aliyeitoa ni Bodi."

"Sasa mwanangu, unapanga karatasi au unapanga pesa?"

Bado iko kwenye bahasha, juu ya meza.