Shanta Limejaa, Njia Haina Mwenyeji

Simama Uyole asubuhi ya Jumamosi wakati wa kiangazi, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, na hutakosa kuwaona. Ni baba na binti yake, au kaka na mdogo wake, wameegemea ukuta wa duka wakisubiri Noah huku wamevaa majaketi ya baridi, na mashanta yao yamewapita vichwa. Wengine wanakwenda Ngozi kutazama ziwa na kurudi jioni. Waliojikaza zaidi watapandia Isyonje, wavuke uwanda wa Kitulo kwa miguu, kisha washuke milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Maneno yao yote ni ya vitu: hema la watu wangapi, gesi ya mtungi mdogo, betri ya akiba ya simu, viatu vya mtumba vilivyopatikana kwa bei ya kutupa. Hakuna anayeuliza watafikia kwa nani. Kwa watu wa nyanda hizi swali hilo lilitangulia mengine yote kwa vizazi, na kupotea kwake nakuona ni badiliko kubwa kuliko mashanta na mahema yote.

Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa ilipovuma, vijana wa Rungwe walikwenda Chunya kwa miguu, kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Kwa barabara ya leo, kutoka Tukuyu hadi Chunya ni kilomita zinazokaribia 140, na katikati pana safu ya milima ya Mbeya yenye baridi ya kukata masikio kabla ya kuteremka kwenye joto la machimbo. Upande wa Iringa na Njombe, Wahehe, Wabena na Wakinga waliingia manamba katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, safari ya majuma. Kabla ya yote hayo, wahunzi wa Kikinga walikuwa wakiteremsha majembe kwa Wanyakyusa kupitia safu ileile ya Livingstone inayowatoa jasho watalii wa leo. Safari za namna hiyo mtu hakuzianza peke yake. Alitoka na kaka, binamu au mjomba aliyewahi kupita njia ile, na maandalizi yake makubwa yalifanyika kwa mdomo kabla ya mguu kunyanyuka: kijiji gani kina shangazi aliyeolewa huko, mto gani usivukwe jioni, watani wetu wanaanzia wapi. Utani wenyewe, tunaouchukulia leo kama mzaha wa misibani, ulikomazwa na njia. Mtani alikuwa na wajibu wa kumpokea msafiri mgeni, na msafiri akifia ugenini, wa kumzika.

Tuutazame mzigo wenyewe. Pamba la njia lilikuwa dogo kwa sababu lilihesabiwa kumfikisha mtu kwa mwenyeji wa kwanza tu. Jani la mgomba lilibabuliwa juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa, ili lisichanike; ugali ukawekwa katikati ungali moto, jani likakunjwa pande nne na kufungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Humo ugali ulikaa siku nzima bila kukauka. Pembeni palikuwa na mahindi ya kukaanga na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye kitambaa, na miguuni palikuwa na ngozi ya mtu mwenyewe, mpaka katambuga za matairi ya magari zilipoingia. Kijana alibeba mzigo na mkubwa akatangulia. Mwendo uliwekwa na yule anayejua mahali pa kulala, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye.

Badiliko lilianzia mbali na milimani. SILABU, ofisi ya wakulima wa mkonge ya kuajiri vibarua, ilipoanzishwa mwaka 1944, manamba walianza kupakiwa kwenye malori na kulazwa kambini. Kambi ikachukua nafasi ya shangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya lami ikafika, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikamaliza kazi. Walio na umri wa kukumbuka watasema kwamba miguu ilirudi kidogo miaka ya 1980 mafuta yalipoadimika, lakini elimu ya njia ilikuwa imeanza kukatika. Bodaboda zimekuja juzi tu kufagia yaliyobaki. Kitulo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wakaanza kuipanda kwa ajili ya maua yake na kwa raha zao, kutembea kulirejea bila wenyeji. Kizazi kipya kilijifunza kujiandaa kutoka kwenye orodha za vifaa.

Nitaambiwa ninapamba shida. Waliokwenda Lupa walisukumwa na kodi. Walitembea peku kwa kuwa hawakuwa na viatu, na wapo walioumwa malaria njiani wasirudi. Ni kweli tupu, na sitamani tuvue viatu. Lakini shida ile ndiyo ushahidi wangu. Watu waliokosa vifaa walilazimika kupima ni kitu gani hasa kinamfikisha mtu, na jibu lao likawa mwenzako na mwenyeji wako. Sisi tuliopata vifaa tumedhani kwamba swali limejibiwa.

Wengine watasema kwamba siku hizi yupo mwongoza njia wa kulipwa, na simu ina ramani. Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe nisingemshauri mtu kuvuka Kitulo bila mwongozaji, maana ukungu wa kule hushuka ghafla na njia za ng'ombe ni nyingi kuliko za watu. Ila mwongozaji anaijua njia. Goti la baba yako halijui. Kutoka uwandani, kwenye mita kama 2,600, hadi ziwani, chini kidogo ya mita 500, unateremka zaidi ya kilomita mbili kwenda chini. Mteremko huo haumtoi mtu pumzi, unamtwanga magoti na vidole. Kiatu kipya kisichozoeleka husukuma kucha ya dole gumba kila hatua, na hatua zikifika maelfu kucha hugeuka nyeusi. Asiyekata kucha nyumbani huzipoteza njiani. Na mzee wa Kiafrika hatasema mbele ya mwanawe kwamba anaumia. Atanyamaza, atachelewa, atasingizia kufunga kamba za viatu. Kijana mwenye ramani mkononi anakuwa mbele nusu saa, akishangaa kwa nini ndugu yake amenuna jioni.

Ugomvi wa safari za familia huzaliwa hapo, na hakuna hema linaloutibu. Zamani uliepukwa kwa utaratibu wa ukubwa: mkubwa mbele, mdogo na mzigo. Leo anayejua njia ni mdogo na anayechoka ni mkubwa, kwa hiyo utaratibu ule hauwezi kurudishwa jinsi ulivyokuwa, na anayeulilia anapoteza muda. Kinachowezekana ni kufanya mazungumzo yale kabla ya kutoka: nani aweke mwendo, tutasimama wapi hata kama hakuna aliyeomba kusimama, nani anaruhusiwa kusema tugeuze bila kuchekwa. Na nambari ya simu ya mtu mmoja wa Matema anayejua kwamba mnakuja ina thamani kuliko betri mbili za akiba.

Kwa hiyo wewe unayepanga kushuka Matema na mzee wako kiangazi hiki, usianzie dukani. Mchukue Jumapili moja, mtembee naye kutoka Uyole hadi Igawilo na kurudi, yeye akiwa mbele, na viatu vilevile atakavyovaa. Noah za Tukuyu hupita hapo. Atakayechoka atarudi nayo.