Tulipodai Fidia kwa Ndugu wa Safu Moja

Gari letu ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na giaboksi yake ni ya aina ambayo mafundi huiita sivitii. Ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki ya presha na watoto madrasa. Kabla ya Ramadhani tulilipeleka kwa matengenezo ya kawaida katika gereji ya ndugu tunayeswali naye msikiti mmoja. Tulilipa, tukapewa risiti, na galoni lenye oili iliyobaki likatiwa kwenye buti.

Siku ya tatu gari likaanza kutetemeka kila lilipoondoka, huku likivuma. Tukasema ni petroli mbaya, tukaliendesha siku nne zaidi. Hatimaye likagoma katikati ya mlima, mama yumo ndani.

Fundi wa pili alianza kwa kulisoma lile galoni: oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Akatufahamisha kwamba ndani ya sivitii mna mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na oili yake hutengenezwa makusudi ili mkanda ushike. Ikitiwa isiyo yake, mkanda huteleza, chuma husaga chuma, na unga wake huziba njia za oili. Oili ipi itumike imeandikwa katika kitabu cha gari. Chetu, kwa bahati mbaya, ni cha Kijapani.

Nyumbani tulitofautiana. Mmoja wetu aliona tunyamaze, kwani vipi tutasimama safu moja na mtu tunayemdai? Mwingine akauliza: tutasamehe vipi haki ambayo hata hatujaitaja? Na gari la jirani litakaloingia gereji kesho je?

Tukamwendea ustadh. Alitueleza kwamba mafakihi humwita fundi wa watu wote ajiri mushtarak. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoifuata wengi wa pwani, ni kwamba hadhamini kilichoharibika mkononi mwake pasipo uzembe. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, walimdhaminisha isipokuwa kwa janga lisiloepukika. Ama kilichoharibiwa na kazi yake mwenyewe kwa kutochunga, hicho hulipwa. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu nayo, kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Lakini hutaka pia yatazamwe yale ambayo angeweza kuyafanya kuipunguza. Maneno hayo ya mwisho yalituchoma.

Tulimfuata ndugu yetu nyumbani baada ya Isha, tusimwaibishe mbele ya vijana wake. Tulibeba risiti, galoni na maelezo ya fundi wa pili yaliyoandikwa.

"Shemeji, gari lilikuja na maradhi yake," alisema. Kisha akauliza: "Lilipoanza kuvuma, mliliegesha?"

Hakuna aliyetuona zile siku nne. Neno moja tu lingetosha, na fidia yote ingekuwa yetu. Tulitazamana.

"Hatukuliegesha. Tuliliendesha siku nne."

Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mwanawe, ambaye ndiye aliyebadilisha oili. Kijana akainamisha kichwa: ile stahiki ilikuwa imekwisha, akachukua iliyokuwapo rafuni akidhani zote ni moja. Hatukutarajia hilo. Nasi tulikuwa tumejiandaa kwa ugomvi, hata namba ya wakili tulikuwa nayo.

Giaboksi ya mtumba iligharimu shilingi 1,200,000. Tulisuluhiana alipe 800,000 kwa awamu tatu, nasi tubebe zilizosalia, pamoja na ufundi na gharama ya kulivuta gari. Ustadh alisisitiza tuandike, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoelekeza katika madeni, na mashahidi wawili wakatia saini. Ndugu yetu hakupendezwa na karatasi ile, alidhani hatumwamini. Tulimwambia kwamba inamlinda yeye pia, tusije tukadai zaidi.

Awamu mbili zimekwishalipwa, na ya tatu ni mwisho wa mwezi huu. Gari linatembea. Chini ya boneti pamebandikwa karatasi yenye jina la oili yake kwa herufi kubwa; aliyeiandika ni yule kijana.